Mtoto si Debe Tupu: Historia Fupi ya Ufundishaji, kutoka Bujumbura hadi Darasa la Kambini



Toleo hili la ukumbusho linatoka katika juma lenye siku mbili kubwa. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa sababu walikataa kufundishwa kwa lugha ya Kiafrikaans. Tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Kamati iliponiomba niandike juu ya historia ya elimu yetu, niliona siku hizi mbili zinasema neno moja: mtoto ana sauti, na asiyesikilizwa darasani atatafuta mahali pengine pa kusikilizwa, hata kama ni pabaya.

Kuna jambo jingine lililonisukuma kuandika. Mwezi uliopita, katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja alisimama akauliza kwa uchungu: "Walimu wa siku hizi wanawapanga watoto wetu katika vikundi, wanacheza na vifuniko vya chupa na mawe, wanapiga kelele. Sisi tulikariri, tukafaulu. Mtihani ukifika, mawe yatawasaidia nini?" Watu walipiga makofi. Mwalimu kijana aliyekuwa akisemwa alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na nyumbani sikupata usingizi. Makala hii ni jibu langu kwa mzee huyo, kwa heshima zote. Swali lake ni la haki, na halijibiwi kwa maneno ya semina.

TULIKOTOKA

Shule ya kwanza ya mtoto wa Kirundi haikuwa na ukuta. Ilikuwa jikoni jioni, kwa vitendawili na hadithi, na mchana shambani na malishoni. Mtoto hakuhutubiwa juu ya ng'ombe, alipewa ndama amchunge. Akikosea aliulizwa, akijibu aliulizwa tena. Kitendawili chenyewe ni somo zuri, kwa maana anayekitega hatoi jibu mpaka wengine wamehangaika nalo.

Shule yenye ukuta ililetwa na wageni. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, walijaribu kwanza Rumonge mwaka 1879, na watatu wao wakauawa huko mwaka 1881. Walirudi mwishoni mwa karne ile na kufungua misheni za Muyaga na Mugera. Wajerumani walitumia Kiswahili katika utawala wao na katika shule za serikali, na ndiyo sababu mojawapo Kiswahili kilikaa Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule. Wabelgiji walipoingia mwaka 1916, kazi ya kufundisha waliiacha zaidi mikononi mwa misheni. Wana wa watemi na wachache waliochaguliwa walipelekwa shule kubwa ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 huko Rwanda. Wengi wengine walipata katekisimu, kusoma kidogo na kuandika kidogo.

Katekisimu ilikuwa na swali na jibu, lakini jibu lilikwisha kuandikwa. Mtoto aliyebadilisha neno moja alikosa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa sisi Waislamu wa Buyenzi tuliokwenda chuoni alfajiri na mbao zetu. Siwadharau walimu wale. Waliyotukaririsha tunayo mpaka leo, na katika safari za ukimbizi, ambapo kitabu hupotea kwanza, aya iliyo kifuani haipotei. Lakini wakoloni walihitaji makarani wa kunakili na wasaidizi wa kutii, na shule ikawatengeneza hao. Baada ya uhuru wa mwaka 1962 bendera ilibadilika. Namna ya kukaa darasani haikubadilika.

MAGEUZI YA 1973

Mwaka 1973, wakati wa utawala wa Micombero, yalitangazwa mageuzi makubwa: shule ya msingi ifundishe kwa Kirundi, na elimu ielekee maisha ya kijijini. Bujumbura ilikuwa na Ofisi ya Elimu ya Vijijini, tuliyoijua kwa kifupi BER, iliyotunga vitabu vya shule za msingi. Kwa madarasa ya chini Kirundi kikawa lugha ya kufundishia, na Kifaransa kikashika madarasa ya juu.

Wazo hilo halikuwa mbali na lile la jirani yetu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa kitabu chake cha Elimu ya Kujitegemea, akiilaumu shule iliyomtenga mtoto na jamii yake, na akitaka shule imjenge mtoto mwenye kuuliza na kupima mambo. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa Pugu kabla ya siasa, na baadaye ndiye aliyesimamia mazungumzo ya amani ya Burundi hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999.

Mageuzi ya 1973 yalikuwa na jambo jema: mtoto alianza kwa lugha aijuayo. Lakini yalikuja mwaka mmoja tu baada ya 1972, mwaka ambao walimu na wanafunzi wengi, hasa Wahutu, walichukuliwa hata kutoka madarasani na hawakurudi. Waliobaki hai walijifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni: usiulize. Unaweza kubadilisha lugha ya kitabu, lakini mwalimu mwenye hofu hawezi kumfundisha mtoto kuuliza.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1974, katika shule moja ya jijini. Nyumbani kwetu Buyenzi tulisema Kiswahili. Siku ya kwanza mwalimu alionyesha picha akauliza ni nini. Nikajibu kwa sauti, "Ndizi!" Darasa likacheka, nami nikapata fimbo kwa kusema lugha ya mitaani. Nilikuwa najua ndizi. Nilijua zinatoka wapi, zinauzwaje, na mafungu mangapi yanatosha mkungu, kwa kuwa mama yangu alikuwa muuzaji sokoni. Hesabu hiyo yote niliiacha mlangoni mwa shule, na hakuna aliyenidai mpaka nilipokuwa mwalimu mwenyewe.

Mwaka 1982 likaja jambo la zamu mbili, kundi moja asubuhi na jingine mchana, kwa mwalimu yule yule na chumba kile kile. Watoto wengi walipata nafasi, lakini saa za kila mtoto zilipungua. Pembeni ya shule za serikali zilikuwako Yaga Mukama za Kanisa Katoliki, zilizowafundisha watoto wa maskini dini na kusoma kwa Kirundi. Serikali ya Bagaza ilipogombana na Kanisa, shule hizo zilifungwa, zikafunguliwa tena baada ya mabadiliko ya mwaka 1987.

WATU WATATU WA MWAKA 1896

Watumishi wa mashirika hutumia maneno marefu wanapokuja kutufundisha ufundishaji. Nitayasema kwa wepesi. Mwaka 1896 walizaliwa watu watatu waliobadilisha mawazo ya dunia juu ya darasa.

Wa kwanza ni Jean Piaget wa Uswisi. Tangu mwaka 1929 aliongoza Ofisi ya Kimataifa ya Elimu mjini Geneva kwa zaidi ya miaka 30. Alionyesha kwamba mtoto hapokei maarifa kama debe linavyopokea maji. Anayajenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, kutokana na yale aliyokwisha kuyajua. Jaribio lake mojawapo kila mama wa kambini anaweza kulifanya. Chukua vikombe viwili sawa vyenye maji sawa. Mimina kimoja katika chupa nyembamba mbele ya mtoto wa miaka mitano, halafu muulize wapi kuna maji mengi. Atasema kwenye chupa, kwa kuwa yamepanda juu. Ukimpiga atasema "ni sawa" ili usimpige tena, lakini rohoni anaamini chupa. Mwache ayarudishe kikombeni mwenyewe, leo na kesho, na siku moja ataona. Hapo amejua, na hata wewe huwezi kumnyang'anya.

Wa pili ni Lev Vygotsky, aliyefanya kazi yake Urusi na kufa kwa kifua kikuu mwaka 1934, akiwa na miaka 37. Yeye alisisitiza kwamba mtoto hajengi peke yake. Lile analoliweza leo kwa msaada wa mkubwa au mwenzake, kesho ataliweza bila msaada. Sisi wa Buyenzi hatukuhitaji Mrusi kutuambia hilo, maana tulikuwa na magereji. Kijana alianza kwa kuosha vipuri, akashika spana, akafungua tairi, akafungua injini huku fundi amesimama kando, na siku moja fundi akaenda kusali na kumwachia gari. 

Wa tatu ni Célestin Freinet, mwalimu wa kijijini Ufaransa. Alijeruhiwa mapafu katika vita vya 1914 hadi 1918, hata hakuweza kuhutubia darasa kutwa nzima. Mwaka 1924 alileta darasani mashine ndogo ya kuchapa. Watoto waliandika mambo ya maisha yao, wakayasahihisha pamoja, wakayachapa na kuyatuma kwa shule nyingine. Udhaifu wa mwalimu ukawa nafasi ya mtoto.

Nitamwongeza mtu wa nne, kwa kuwa alikuwa mkimbizi kama sisi. Paulo Freire wa Brazil alifundisha watu wazima kusoma kwa kuanzia maneno ya maisha yao: tofali, ardhi, kazi. Baada ya jeshi kutwaa madaraka mwaka 1964 alifungwa, kisha akaishi uhamishoni miaka mingi. Alilaumu elimu ya benki, ambapo mwalimu anaweka fedha kichwani mwa mwanafunzi na siku ya mtihani anazitoa zile zile, bila faida.

SANDUKU NA MTI

Mwaka 1993, tarehe 21 Oktoba, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaanguka. Siku hiyo hiyo makumi ya wanafunzi Watutsi wa shule ya Kibimba walichukuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 30 Aprili 1997, katika Seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi, wenye silaha waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Vijana walikataa. 40 waliuawa.

Nayataja yote mawili, pamoja na 1972, kwa sababu hapa kambini kila mmoja anakumbuka wafu wake na huwa mzito kukumbuka wa mwenzake. Nayataja pia kwa sababu ni historia ya elimu. Amri ya "jitengeni" ni amri kama nyingine zote, na kijana aliyezoezwa tangu darasa la kwanza kutii kila sauti kubwa anaitii. Wale wa Buta walikuwa wamezoea kuishi na kuzungumza pamoja juu ya yaliyokuwa yakitokea nchini. Walipoamriwa, walipima amri ile kwanza. Sisemi kwamba mawe na vifuniko vya chupa vinazuia vita. Nasema kwamba shule isiyomruhusu mtoto kupima lolote inamwandaa kwa yeyote atakayekuja na sauti kubwa.

Mimi niliondoka Buyenzi mwezi Machi 1995, wakati mitaa ya Buyenzi na Bwiza iliposhambuliwa. Nilivuka kwenda Uvira. Vita vilipofika Uvira mwaka 1996, nikavuka ziwa mpaka Kigoma. Wengi wetu tuna ramani hiyo hiyo miguuni.

Shule za kambini zilianza chini ya miti. Huko Ngara mwaka 1994 UNESCO na UNICEF walileta shule ndani ya sanduku kwa watoto wa Rwanda. Mfano wake unajulikana bado: sanduku la alumini lenye daftari, penseli, chaki, saa na vipande vya kuhesabia, na kifuniko chake kikipakwa rangi huwa ubao. Lilipangwa kwa watoto 40, au 80 kwa zamu mbili. Ndugu zetu wa 1972 waliokaa Katumba, Ulyankulu na Mishamo walisoma kwa mtaala wa Tanzania na kwa Kiswahili. Sisi wa baada ya 1993 tulisoma kwa mtaala wa Burundi ili turudi. Waliporudi nyumbani baada ya 2008, watoto wa makazi yale ya zamani walikuta Kifaransa na Kirundi cha shule vikiwasubiri kama mlango uliofungwa. Walijua mengi, lakini hawakuwa na lugha ya kuyasemea. Ni ndizi yangu ya 1974 iliyorudi.

MAGEUZI YA 2013

Nyumbani nako hakukusimama. Mwaka 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na madarasa yakafurika. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na katika miaka hiyo Kiswahili na Kiingereza vilipata nafasi katika shule za msingi. Nilipopata habari kwamba Kiswahili kimeingia shuleni, nilicheka peke yangu, nikakumbuka ile fimbo.

Mwezi Septemba 2013 ikaja shule ya msingi ya miaka 9, tunayoiita ECOFO, yenye ngazi nne. Masomo yaliyokuwa mbalimbali yaliunganishwa katika nyanja. Kitabu hakianzi tena na kanuni. Kinaanza na jambo la maisha, na mwanafunzi anatakiwa atumie aliyojifunza kulitatua. Kwenye karatasi, Piaget na Vygotsky walikuwa wameingia Burundi. Lakini mambo yalifanyika haraka. Walimu walipata mafunzo mafupi, na mwalimu aliyezoea somo moja alijikuta na matatu. Mageuzi yaliyotaka mtoto ajenge mwenyewe yalimfikia mwalimu kama amri.

Hapa kambini tuliona hali hiyo hiyo kwa sura nyingine. Nakumbuka semina moja ya siku 3 iliyoletwa na shirika fulani. Tulikaa kwenye mabenchi kutoka asubuhi hadi jioni, tukihubiriwa kwamba mwalimu asihubiri. Mwezeshaji hakutuuliza hata mara moja tunafundishaje watoto zaidi ya 100 katika darasa lenye vitabu 6. Tulipokea vyeti, tukarudi, tukafundisha kama jana.

JIBU LANGU KWA MZEE

Mzee wangu, una haki katika mambo mawili. Kwanza, kukariri si dhambi. Mtoto asiyejua jedwali la kuzidisha kwa moyo atachoka njiani. Pili, kikundi kisicho na kazi ni kelele tu.

Lakini sikiliza yaliyotokea. Yule mwalimu kijana uliyemsema alileta darasani swali la siku ya mgao: familia ya watu 7, kila mtu na kipimo chake cha unga, je, gunia litoshe siku ngapi? Aliwapanga watano watano, kila kikundi na mawe yake. Msichana mmoja ambaye tangu Januari hajawahi kunyosha mkono alisimama akasema jibu la ubaoni haliwezi kuwa kweli, kwa sababu unga wa nyumbani kwao huisha mapema kuliko hapo. Walirudia hesabu. Mwalimu alikuwa amesahau siku moja. Mwalimu akakiri mbele ya watoto, akafuta, akaandika upya. Mzee wangu, msichana huyo ni mjukuu wako. Nilikuwapo dirishani, na nilipaswa kusimama mkutanoni nikuambie.

Katika mtihani wa ECOFO hawatamuuliza kanuni peke yake. Watampa gunia na familia. Kwa hiyo mawe yale yatamsaidia.

TUNACHOOMBA

Kwa walimu wenzangu: tuulize kabla ya kueleza. Tusome kosa la mtoto kama fundi anavyosikiliza mlio wa injini, maana linasema tatizo liko wapi. Tukubali jibu la Kiswahili kwanza, kisha tulivushe hadi Kirundi na Kifaransa. Tuwaache watoto waandike habari zao, hata mistari mitano. Kamati imekubali kuweka ukurasa wa watoto katika toleo lijalo.

Kwa wazazi: jioni msimuulize mtoto tu "umepata ngapi?" Muulizeni "leo uliuliza nini?"

Kwa watumishi wa mashirika: tunawashukuru. Kanuni za elimu katika dharura, zilizotolewa kwanza mwaka 2004 na mtandao wa INEE, zinataka ufundishaji unaomweka mwanafunzi katikati, nasi tunakubali. Lakini mwanafunzi hawezi kukaa katikati mahali ambapo hapana nafasi ya kukaa. Badala ya semina nyingine, tupeni mbao ndogo za kuandikia, tupunguzieni idadi kwa darasa, na mkae nasi darasani juma moja mtuone kabla ya kutufundisha. Nanyi mtuulize kwanza.

Hatujui watoto hawa watafanyia mtihani wao wa mwisho nchi gani, wala kwa lugha gani. Vitabu tutaviacha, kama tulivyoviacha Uvira, na kama tulivyoviacha tena 2015. Kile ambacho mtoto amekijenga mwenyewe kitapanda naye lori au mtumbwi, na mpakani hakuna atakayemwambia akishushe.



Mwalimu mkongwe, kwa niaba ya Kamati ya Elimu